Chumba cha Wawili Ndani ya Kuta

Régis Ouellet alikung'uta theluji mlangoni, akavua viatu, akaingia jikoni kwa Odile na soksi zake nene za sufu, uso mzima umechangamka kama mtu aliyekuja kuposa. Kwapani alibana ramani ya jiji la Quebec, ile ya karatasi, maana kwa mambo ya maana Régis hakuiamini simu.

"Usiniguse, nina unga!" Odile alimwonya. Alikuwa anasukuma unga wa pai ya nyama, na mikono ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Nani kakuambia mimi naogopa unga?" Régis akambusu shingoni.

Odile akacheka. Kisha, bila hata kufikiri, akatupa jicho dirishani kuona kama yule mama wa ng'ambo ya barabara alikuwa anachungulia. Régis aliliona jicho lile. Akavuta kiti akakaa. Alikuwa amelizoea, au tuseme alikuwa anajilazimisha kulizoea, kwa muda wa miaka miwili sasa.

Mapenzi yao Matane nzima, mji wao mdogo wa kando ya mto, ilikuwa inayajua, na Matane nzima ilikuwa inajifanya haijui. Odile Bérubé alikuwa mjane aliyevuka hamsini, mwoka mikate, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kuhesabu kila senti. Mumewe Gaston alikuwa ameaga dunia miaka mitatu iliyopita. Régis alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, mwanamume aliyeachwa zamani na mkewe, mpole, mwenye mikono migumu na maneno laini. Maude, binti wa pekee wa Odile, alikuwa ameshamwambia mama yake waziwazi: "Mama, ukitaka mtu wa kwenda naye sinema, sawa. Lakini usituletee baba mwingine mezani." Basi mkesha wa Krismasi Odile aliwaandalia Maude na wakwe zake karamu, na Régis alikula kwake, peke yake, mbele ya televisheni. Kesho yake Odile alimpelekea kiporo. Régis alikila kiporo hicho, akakisifu.

Lakini kuna mwisho wa kusifu kiporo. Ndugu yake Régis, kule Sept-Îles, upande wa pili wa mto mkubwa, alikuwa anamsumbua kila wiki: kazi ipo, ya ndani, ya mwaka mzima, na nyumba ipo, njoo. Régis alimjibu angoje kidogo. "Nikitoka Quebec na Odile nitakupa jibu," alimwambia, na Odile alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Hakuhitaji kutafsiriwa. Wakienda Quebec wakakaa kama watu wawili wanaopendana, Régis habanduki Matane. Wasipokwenda, atavuka mto.

"Haya, mama mchumi," Régis alisema, akiitandaza ramani pale ambapo unga haukufika. "Sikiliza, halafu ubishe. Maana najua utabisha."

"Sijafungua hata mdomo!"

"Kwanza, zile hoteli za kando ya barabara kuu, karibu na madaraja. Bei nzuri, gari unaegesha bure. Lakini kila asubuhi tungoje basi kwenye baridi twende mji mkongwe, na jioni turudi kusikiliza malori."

"Malori hayana neno. Mtu akishalala hasikii."

"Wewe husikii. Wewe unakoroma kuliko malori."

"Mwongo wee!" Odile akamrushia unga. Ukamwingia kwenye ndevu, akauacha hukohuko.

"Pili, kuna nyumba ya wageni ya masista. Safi, kimya, chai ya asubuhi imo kwenye bei. Ila vitanda ni vya mtu mmoja mmoja, na ukutani katikati kuna msalaba."

"Hapo ndipo panapotufaa," Odile alisema akicheka mpaka machozi. "Tutatubu papo kwa papo, hatungoji kurudi."

Régis naye akacheka, lakini kidole chake kilikuwa kimeshafika kilikotaka kufika: ndani ya kuta za kale, kwenye kijia cha mteremko. Sauti yake ikapungua.

"Tatu, hapa. Hoteli ndogo, ghorofa ya juu kabisa. Haina lifti, kwa hiyo vyumba vya juu wanashusha bei. Katikati ya wiki, wageni wa Kanivali, ile sherehe ya theluji, wakishaondoka, wanashusha tena. Gari tunaliacha nje ya kuta, kwenye jengo la maegesho, maana ndani watakutoza hela ya chumba cha pili. Na barabarani hatuthubutu. Zile taa za rangi ya chungwa zikianza tu kumulika, ujue usiku huo wanapita kuzoa theluji, na gari lako wanalibeba nayo."

"Na kula?"

"Mchana supu ya njegere, inashibisha. Jioni kuna mikahawa inakuruhusu kuja na chupa yako ya mvinyo. Nimeuliza. Nimepiga simu, Odile, mimi, na Kifaransa changu cha mapaani." Akamwangalia. "Kitanda kimoja. Dirisha linaonyesha mto, ukitoa kichwa nje."

Mwanaume akikuangalia vile, mama yangu, hata unga unasahau unaufanyia nini. Odile alimwona kama alivyomwona siku ya kwanza, amekaa juu ya paa la duka la mikate na misumari mdomoni, akimwinulia kofia. Alimpenda. Sitaki msomaji akae akidhani hakumpenda. Alimpenda mpaka alikuwa anaongea naye peke yake akiwa kazini, asubuhi, kabla wenzake hawajaingia.

"Twende Jumatano ya wiki ya tatu," alisema.

"Kwa nini hiyo?"

"Bei," Odile alijibu, akarudi kwenye unga wake.

Haikuwa bei. Tuseme haikuwa bei peke yake. Alhamisi ya wiki hiyo, katika kanisa moja la Quebec, ilikuwa misa ya kumwombea Gaston. Kila Februari wifi yake Huguette, dada wa Gaston, ndiye aliyeipanga misa hiyo, na kila Februari Odile alikwenda. Sasa mwaka huu akafikiri: kutoka Matane mpaka Quebec ni zaidi ya saa nne, mafuta hayashuki, kwa nini kwenda mara mbili mwezi mmoja? Usiku wa kwanza atalala kwa Huguette, bure. Asubuhi misa. Mchana atatafuta namna ya kuaga, na usiku wa pili atakuwa na Régis hotelini. Atamweleza Régis njiani, wakishapita nusu ya safari; akiwa ameshika usukani hawezi kukasirika sana. Ukiutazama kwa jicho la bajeti, mpango haukuwa na kasoro hata moja.

Simu ikalia juu ya meza. Odile alipokuwa anaoka alikuwa na mazoea ya kuigonga kwa kifundo cha kidole na kuiweka kwenye spika, asiichafue. Akaigonga. Mazoea ni kitu kibaya.

"Wifi yangu!" Sauti ya Huguette ikajaa jikoni. "Hujambo? Nisikilize haraka, nina chungu jikoni. Chumba alichokulia Gaston nimekitandika, nimeweka na lile blanketi unalolipenda. Padri amekubali, jina la Gaston atalitaja la kwanza. Sasa huyo jirani yako anayekupa lifti, nimfanyeje? Nimwekee godoro kule chini karibu na boila, au anakushusha anarudi zake?"

Odile aliinua mkono kuizima simu, akaona unga, akasita. Sijui alisita kwa nini. Unga tu!

"Huguette, nitakupigia..."

"Na hela ya mafuta mmeshaelewana? Asije akakulalia, Odile, wewe mpole. Halafu ni mtu mwaminifu lakini? Siku hizi unapanda gari la mtu humjui wala hakujui."

"Ni mwaminifu," Odile alisema. "Nitakupigia."

Régis hakuwa amesogea. Unga ulikuwa bado umo kwenye ndevu zake, na sasa ulimfanya aonekane mzee.

"Jirani," alisema.

"Régis, ngoja nikueleze."

"Mimi nakaa ng'ambo ya daraja, Odile. Hata huo ujirani wenyewe umenionea huruma."

"Sikujua nimwambieje! Ni dada yake Gaston. Nimwambie nini? Nakuja kumwombea kaka yako, na huyu hapa ndiye ninayelala naye?"

"Ungemwambia huji. Au ungeniambia mimi. Ningekupeleka kwenye misa, ningekaa benchi la nyuma, ningemwombea na mimi. Mimi sina ugomvi na marehemu." Alianza kuikunja ramani, polepole, akifuata mikunjo yake ya zamani. "Lakini kutia misa ya mumeo na siku zetu kwenye safari moja, ili uokoe mafuta..."

"Nilifikiri..."

"Najua ulifikiri. Wewe unafikiri sana. Krismasi ulifikiri, nikala kiporo. Kiangazi ulifikiri, tukaahirisha kwa sababu mafundi wote wa mkoa walikuwa likizoni na vyumba vilikuwa ghali. Novemba vilikuwa rahisi, ukasema barabara zina barafu. Mimi nikawa nasema, mwache, mwanamke anabana matumizi, si vibaya. Kumbe unanibana mimi."

"Maude hataki," Odile alisema. Alijua ni jibu la aibu hata kabla halijamtoka. "Wewe humjui Maude akikasirika. Na watu, Régis. Mji wenyewe huu mdogo."

"Maude ana mume wake, ana nyumba yake. Akikasirika atapoa." Régis alisimama. "Niambie kitu kimoja tu. Ukiwa nami, unaona aibu?"

"Hapana!"

"Basi mpigie sasa hivi. Weka spika kama ulivyoweka. Mwambie."

Odile aliitazama simu. Ilikuwa pale pale, karibu na chumvi. Mkono wake ukaenda, ukafika nusu, ukarudi kufuta unga kwenye aproni, ukaendelea kufuta hata pale pasipokuwa na unga tena.

"Kesho," alisema. "Nipe mpaka kesho, nipange maneno."

Régis alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Akavaa viatu vyake mlangoni, akafunga kamba zote, hakuna aliyoiruka. Odile alisimama nyuma yake akiiangalia shingo ile, akitaka kuishika, na hakuishika. Mlango ukafungwa taratibu. Angeubamiza, labda Odile angemkimbilia.

Pai iliokwa, ikaungua pembeni, isiliwe na mtu. Usiku Odile hakulala. Alimlaumu Huguette kwa kupiga simu, akamlaumu Maude, akamlaumu hata Gaston kwa kufa. Mpaka alfajiri walaumiwa wote walikuwa wamekwisha, akabaki mwenyewe. Ndipo alipoichukua simu.

"Huguette, yule si jirani."

"Nani?"

"Régis. Anayenileta. Si jirani yangu."

Upande wa pili kijiko kilisikika kikigonga kikombe. "Odile," Huguette alisema, "mimi mjane mwaka wa tisa huu. Unadhani nilivyosikia 'jirani' sikujua? Mwanaume wa siku hizi hata mkewe hampeleki saa nne kwenye theluji, sembuse jirani. Nilikuuliza habari ya godoro nikitegemea utasema, Huguette, mjinga wee, tandika kitanda kikubwa."

"Hukasiriki?"

"Nakasirika sana! Kwa sababu umenifanya mimi kisingizio. Nimekaa hapa kwangu na chungu changu, kumbe huko Matane mimi ndiye ninayewazuia watu kupendana. Nilikukataza lini? Siku gani?"

Odile hakuwa na siku ya kuitaja. Alitafuta, hakuiona.

"Na alikuwepo hapo jana, sivyo?" Huguette aliuliza, sauti ikashuka. "Alinisikia?"

"Alisikia yote."

"Ee Mungu wangu. Mbona bado unaongea na mimi? Nenda!"

Alikwenda. Aliendesha gari na aproni ndani ya koti, akavuka daraja, akamkuta Régis uani anapakia ngazi na masanduku ya vifaa kwenye gari lake la mizigo. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Odile aliteremka akaanza kusema kabla hajafunga mlango wa gari.

"Nimempigia! Nimemwambia Huguette!"

Régis akaweka sanduku chini. Kwa muda mfupi sana uso wake ulirudi kuwa ule aliouleta jikoni jana, na Odile akaona bado inawezekana, bado kidogo tu.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba wewe si jirani."

"Nimeshukuru. Sasa ukamwambia mimi ni nani?"

Odile akafungua mdomo. Kwenye ua wa pili mzee mmoja alikuwa anazoa theluji kwa koleo, na sasa alikuwa amepumzika kidogo, ameegemea mpini, anawatazama. Odile alimwona. Akateremsha sauti.

"Rafiki yangu," alisema. "Wa karibu."

Régis aliangalia chini, akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko matusi.

"Basi tumepanda cheo."

"Régis, usinifanyie hivyo. Nitakilipia mimi kile chumba! Tuchukue kikubwa, cha mbele, cha bei yoyote. Twende Jumamosi, Kanivali yenyewe, watu wote wakiwepo. Sijali bei."

"Odile wangu, haikuwa bei tangu mwanzo. Mimi ningelala na wewe kwa masista chini ya msalaba. Wewe ndiye uliyekuwa unataja bei." Alimshika mashavu kwa mikono yake miwili, pale pale uani, mbele ya mzee na koleo lake, na mikono ilikuwa na joto. "Nimeshampigia ndugu yangu. Jana hiyohiyo, nilipotoka kwako. Navuka na feri ya leo."

"Lakini ulisema utamjibu tukitoka Quebec!"

"Nilikwenda Quebec na kurudi, jana, jikoni kwako."

Odile akalia. Alilia wazi, kwa sauti, na sasa mzee aliona aibu yeye, akaingia ndani. Régis alimfuta machozi kwa kidole gumba. Hakumwambia nyamaza. Naye macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia upepo.

"Kile chumba nilishakilipia, tarehe tu ndiyo ilibaki uitaje wewe," alisema baadaye. "Nilitaka kukuambia jana, pai ikishatoka jikoni. Bei ya chini ile hairudishi hela, ndiyo maana ni ya chini. Nenda wewe. Kiko kwa majina yetu yote mawili, hawatakusumbua."

"Peke yangu?"

"Au na rafiki," Régis alisema, na hapohapo akajuta, ikaonekana usoni kwamba amejuta. Akambusu kipajini. Akapanda gari.

Jumatano ile Odile alishuka Quebec kwa basi. Alhamisi asubuhi alisali misa ya Gaston, bega kwa bega na Huguette, na kwa mara ya kwanza hakumlilia Gaston. Huguette alitaka kumsindikiza hotelini, Odile akakataa. Alipanda kijia cha mteremko ndani ya kuta akiburuta begi lake juu ya theluji iliyokanyagwa, akaipata hoteli ileile. Nyuma yake pale mapokezi waliingia watu wanne kutoka Trois-Rivières, wakipiga kelele na kukung'uta makoti.

Msichana wa mapokezi alimkaribisha vizuri, akatazama kompyuta yake.

"Bi Bérubé, chumba cha juu, cha watu wawili. Naona na jina la Bwana Ouellet hapa. Samahani nikuulize, kwa ajili ya funguo tu, huyu bwana ni nani wako?"

"Mpenzi wangu," Odile alisema. Lilitoka lote, kwa sauti ya kawaida, kama anaagiza mkate.

"Vizuri sana. Atafika saa ngapi, nimwekee ufunguo wake?"

"Hatafika, mwanangu. Nimekwambia wewe kwa sababu yeye nilichelewa kumwambia."

Msichana aliomba radhi, ingawa hakuwa na kosa lolote. Kisha akatoka nyuma ya meza yake, akalichukua lile begi, na wakaanza kupanda ngazi pamoja, polepole, mpaka ghorofa ya juu kabisa.